Barua za Wasomaji: Nimechoshwa na Madereva Wasiojali

Barua zilizofika mezani kwangu mwezi huu zimejaa hasira, na karibu zote zinamlalamikia mtu asiyejulikana jina, yaani dereva mwingine. Nimechagua nne. Zilizokuja na namba za magari pamoja na matusi nimeziweka kando.

Ndugu Mshauri,

*Kila siku ninapita katika barabara ya njia mbili ambayo mwisho wa mwendo ni kilomita 80 kwa saa, nami sivuki kiwango hicho. Hata hivyo, karibu kila safari hutokea dereva anayenifuata kwa karibu mno, kiasi kwamba nikitazama kioo cha ndani sizioni taa zake, naona boneti na uso wake tu. Huniwashia taa, hupiga honi, kisha hunipita penye kona na kunichomekea. Siku hizi nimeanza kumjibu: ninagusa breki kidogo ili ashtuke, au ninakanyaga mafuta ili asipate mwanya. Mke wangu anasema mimi nami nimekuwa hatari. Je, ni haki anayefuata sheria ndiye ampishe anayeivunja?*

*Dereva Aliyechoka*

Ndugu Dereva, mkeo anasema kweli, nami nitaanzia hapo kabla ya kumgeukia huyo anayekubana. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata takriban mita 22 kila sekunde. Dereva aliye makini huhitaji sekunde moja, mara nyingi moja na nusu, tangu aone taa ya breki ya gari la mbele hadi mguu wake ukanyage breki yake mwenyewe. Kwa hiyo mita 22 hadi 33 huwa zimekwisha kabla gari lake halijaanza hata kupunguza mwendo. Aliye nyuma yako kwa mita tano hana akiba hiyo. Ukigusa breki ili ashtuke, atakugonga kwanza, kisha ndipo ashtuke, na shingo itakayoumia huenda ikawa ya mtoto aliyeketi kiti cha nyuma cha gari lako.

Fanya kinyume cha unavyotamani: ongeza nafasi iliyo mbele yako. Kwa kuwa mwenzako hana nafasi, inakubidi uwe na nafasi ya kuwatosha nyote wawili, ili gari la mbele linapoanza kupunguza mwendo uachie mafuta mapema na kukanyaga breki polepole, naye apungue pamoja nawe bila hata kujua kwamba umemwokoa. Kipimo chake ni rahisi. Gari la mbele likipita nguzo au kibao, hesabu sekunde mbili taratibu. Ukifika kwenye nguzo hiyo kabla hujamaliza kuhesabu, umekaribia mno. Barabara ikiwa na maji, hesabu nne, na ukibanwa kwa nyuma hesabu nne pia hata kama jua linawaka.

Kuhusu kukanyaga mafuta ili asikupite, hapo sina budi kuwa mkali. Chukua mfano wa gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa, na nyuma yake dereva anayetaka kulipita kwa mwendo wa kilomita 80. Anamzidi mwenzake kwa kilomita 20 tu, yaani chini ya mita sita kwa sekunde. Tukijumlisha urefu wa magari yenyewe, nafasi ya kutokea na nafasi ya kurudi, inambidi amzidi mwenzake kwa mita zipatazo 60, na hilo litamchukua karibu sekunde 11. Katika muda huo atakuwa amesafiri mita 240, na gari linalokuja mbele yake kwa mwendo kama wake litakuwa limekata mita nyingine 240. Maana yake ni kwamba alihitaji kuona karibu nusu kilomita ya barabara tupu kabla hajatoka, na wengi wanaopita penye kona hawaoni hata robo ya hiyo. Sasa anayepitwa akitoka kilomita 60 na kufika 70, tofauti ya mwendo inabaki nusu, na muda ambao mwenzake atakaa upande usio wake unakuwa maradufu. Wa kwanza kugongwa uso kwa uso hatakuwa wewe. Atakuwa mtu anayetoka upande wa pili, ambaye hana habari na ugomvi wenu.

Hili si wazo langu peke yangu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unamtaka dereva anayeona mwenzake anataka kumpita akae karibu na ukingo wa upande wake na asiongeze mwendo.

Umeuliza kama ni haki. Si haki, na sitakudanganya kwamba ni haki. Ila kumwadhibu anayekimbia ni kazi ya askari wa usalama barabarani na hakimu, na wote wawili hufanya kazi hiyo wakiwa wamesimama, si wakiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 na familia ndani. Penye nafasi salama ya kutokea, washa indiketa, kaa pembeni, aende zake. Katika kilomita 20, mwenye kwenda 100 kwa saa humtangulia mwenye kwenda 80 kwa dakika tatu, tena kama barabara ni tupu kabisa. Penye magari mengi utamkuta kwenye taa zinazofuata akigonga usukani kwa vidole. Akishakupita na bado akataka ugomvi, usimtazame usoni wala usimwonyeshe ishara ya mkono. Akikufuata, usiende nyumbani. Funga milango, endesha hadi penye watu wengi au kituo cha polisi.

Niongeze jambo ambalo hukuuliza. Katika barabara zenye njia kadhaa kwa upande mmoja, kuna madereva wanaokaa katika njia ya kupitia kwa mwendo wa pole, wakijua kabisa kuwa nyuma yao pana foleni, kwa hoja kwamba wao hawajavunja kiwango cha mwendo. Hao nao huzalisha madereva wanaobana. Kama umemaliza kupita, rudi kwenye njia yako.

Mshauri,

*Kwa nini watu hawashushi taa usiku? Ninapofusika. Je, nami niwawashie zangu kali?*

*Msafiri wa Usiku*

Hapana. Ukimjibu, mtakuwa madereva wawili wasioona mnaoelekeana. Elekeza macho kwenye ukingo wa barabara ulio upande wako, punguza mwendo, na usikae ukitazama taa zenyewe, kwa sababu mboni ya jicho husinyaa mbele ya mwanga mkali, na mwanga ukishapita jicho huhitaji sekunde kadhaa kulizoea giza tena. Kadiri umri unavyosonga, ndivyo sekunde hizo zinavyoongezeka. Futa pia kioo cha mbele kwa ndani, maana utando wa vumbi na mvuke hutawanya mwanga na kuufanya uonekane mkubwa kuliko ulivyo. Na si kila anayekupofusha ana kiburi: gari lililopakiwa mzigo mzito nyuma huinua pua, na taa zake hata zikiwa zimeshushwa zitakupiga machoni. Kama nawe hubeba mizigo, anza kwa kukagua taa zako.

Kwako Mshauri,

*Ninavuka barabara na watoto wangu wawili kwenda shule, penye kivuko chenye mistari ya pundamilia. Juzi gari la kwanza lilisimama, dereva akatupungia mkono tupite. Tulipofika katikati, gari la pili likatokea pembeni yake kwa kasi, likapita hatua moja mbele ya mwanangu mdogo, hata mkoba wake ukapeperuka. Aliyesimama alipiga honi, yule mwingine hata hakugeuka. Sasa watoto wanaogopa kuvuka. Nifanye nini?*

*Mama wa Wawili*

Pole sana, mama. Kulipita gari lililosimama mbele ya kivuko ni miongoni mwa makosa mabaya kuliko yote barabarani, kwa sababu anayelitenda haoni kinachovuka, na anayevuka haoni kinachokuja. Gari lililosimama limewaziba nyote wawili. Mtoto ambaye kimo chake hakizidi boneti hana njia yoyote ya kuonekana mpaka atokeze mbele ya gari la pili.

Kwa hiyo wafundishe watoto jambo moja mahususi: mkono wa dereva aliyesimama unaruhusu njia yake peke yake. Vukeni hadi mwisho wa gari lake, simameni hapo, chungulieni, na msiendelee mpaka njia ya pili iwe tupu au gari lake nalo liwe limesimama kabisa, magurudumu hayazunguki. Washike mikono, tena wewe ukae upande unakotoka mwendo wa magari. Watoto wadogo hawawezi kukadiria vizuri kasi ya gari linalokuja, hata wale wanaojibu vizuri wakiulizwa kanuni za kuvuka, kwa hiyo usimwachie mdogo uamuzi huo kwa kuwa tu anajua kuangalia huku na huku.

Kwa madereva wanaosoma ukurasa huu: mnaposimama kumpisha anayevuka, simameni mita kadhaa kabla ya mistari, msiigusie bampa. Nafasi hiyo ndiyo dirisha ambalo dereva wa njia ya pili atamwona mtoto. Na msipungie mkono. Simameni, mwacheni aamue mwenyewe.

Lakini sitaki kukutwika mzigo wote wewe na watoto wako, kana kwamba aliyekoswa ndiye mwenye kurekebisha. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua zaidi. Sweden iliamua mwaka 1997, kwa azimio la bunge lake, kwamba barabara zijengwe kwa kukubali kuwa binadamu atakosea, ili kosa lake lisimalizike kwa kifo. Hapo ndipo ninapoona dawa ya kivuko chenu. Rangi nyeupe peke yake haimzuii mtu mwenye haraka. Kivuko kilichoinuliwa kama tuta humzuia, kwa sababu gari lake litaumia. Kisiwa katikati ya barabara huwawezesha watoto kuvuka njia moja baada ya nyingine. Na mwendo wa kilomita 30 kwa saa mbele ya shule humpa dereva nafasi ya kusimama ambayo kwa kilomita 60 hana, maana mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Andikeni barua ya pamoja, wazazi na walimu, kwa mamlaka inayosimamia barabara hiyo. Tajeni mahali, saa za kuvuka na tukio hili lilivyotokea, na mbaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Barua ya mzazi mmoja hupotea kwa urahisi kuliko yenye sahihi za wazazi wa darasa zima.

Shikamoo Mshauri,

*Mjomba wangu hutupakia mimi na mdogo wangu kila mwisho wa wiki. Akiwa njiani huandika ujumbe kwenye simu kwa mikono miwili, usukani akiushikilia kwa goti. Nikimtazama husema ameendesha tangu kabla sijazaliwa. Ninamheshimu, naye hutusaidia sana. Nitamwambiaje?*

*Mpwa Mwenye Hofu*

Marahaba, binti yangu. Uzoefu wa mjomba wako ni wa kweli, ila haumsaidii kuona asichokitazama. Kwa kilomita 80 kwa saa, sekunde tatu za kusoma ujumbe mfupi ni mita 66 za kwenda macho yakiwa chini. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba anayetumia simu huku akiendesha yumo katika hatari ya ajali takriban mara nne ya asiyeitumia, na kwamba simu ya kuzungumzia bila kuishika haileti usalama mkubwa zaidi, kwa kuwa mawazo yake nayo yapo kwenye mazungumzo.

Usimwambie gari likiwa kwenye mwendo. Mtu mzima akikosolewa njiani mbele ya mdogo wako atajitetea, na atajitetea kwa kuendesha. Mwambie kabla hamjaondoka, tena kwa njia itakayompa la kufanya: "Mjomba, nipe simu niishike mimi, ujumbe ukiingia nikusomee na kukujibia." Wengi hukubali, kwa sababu kinachowasumbua ni hofu ya kupitwa na jambo. Akikataa, mweleze kwa upole kwamba unaogopa, wala usiseme kwamba anaendesha vibaya. La kwanza hawezi kulipinga. Akiendelea hivyo hivyo, mpelekee neno mtu anayemsikiliza, iwe mama yako au kaka yake mkubwa, na wakati huo tafuteni usafiri mwingine, hata kama utawachelewesha. Heshima haikulazimishi kupanda gari ambalo hakuna anayeliongoza.

Mkiwa bado mnasafiri naye, fungeni mikanda nyote wawili, hata mkikaa nyuma. Asiyefunga mkanda kiti cha nyuma hutupwa mbele gari linapogonga, akamwangukia aliye kiti cha mbele kwa uzito ambao kiti hakikutengenezwa kuuzuia, na huyo wa mbele anaweza kuwa mjomba mwenyewe. Hilo pia unaweza kumwambia, na huenda likawa rahisi kulianza kuliko lile la simu.