Unga wa upupu hauongezi vipokezi vya dopamini

SWALI: Shikamoo daktari. Kaka yangu amekuwa akinywa pombe kali kila siku kwa miaka kumi. Muuzaji mmoja wa dawa za asili anatushawishi tununue unga wa upupu, akisema unaongeza dopamini, ile kemikali ya ubongoni, na kwamba wanasayansi walikwisha kuthibitisha kwa panya kuwa dopamini ikiongezeka ubongoni hamu ya pombe hukatika. Je, ni kweli? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba. Muuzaji huyo ameokota nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye maana.

Mwaka 2001 watafiti wa maabara ya Brookhaven, New York, waliwafundisha panya kunywa pombe, kisha wakawadunga ubongoni, katika sehemu iitwayo nukliasi akumbensi, virusi vilivyobeba jeni ya kipokezi cha dopamini aina ya D2. Panya waliokuwa wakiipenda sana pombe walipunguza unywaji kwa zaidi ya nusu, lakini vipokezi viliporudi katika kiwango chake cha awali, unywaji nao ukarudi. Kilichoongezwa pale ni kipokezi, si dopamini. Hapa ndipo ninapochoka, kwa sababu kosa hili naletewa kila wiki: dopamini ni ujumbe, na kipokezi ni sikio linaloupokea, anayepaza sauti hamwongezei msikilizaji masikio. Upupu una levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, na pombe yenyewe huongeza dopamini katika sehemu ileile ya ubongo. Kama wingi wa dopamini ungekata hamu, mlevi angeacha baada ya glasi ya kwanza.

Wala habari ya vipokezi si hesabu nyepesi. Mwaka 1998 watafiti wa Oregon waliwapima panya waliozaliwa bila jeni ya D2, nao, badala ya kuwa walevi kupindukia, waliipenda pombe kidogo sana kuliko wenzao. Vipokezi vikizidi katika sehemu moja tu ya ubongo wa panya aliyekwisha kukua, unywaji hupungua. Vikikosekana ubongo mzima tangu kuzaliwa, unywaji hupungua vilevile, pengine kwa kuwa mnyama huyo haipati ile raha inayomfanya airudie chupa. Mwenye kuuza unga kwa matokeo ya namna hii hajayasoma.

Levodopa ni dawa halisi ya Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili, hutolewa kwa kipimo, na huweza kuleta kichefuchefu, kushuka kwa shinikizo la damu na hata kuona vitu visivyokuwepo. Katika kijiko cha unga hakuna ajuaye imo kiasi gani.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni agizo ambalo wauzaji wengi huliambatanisha na dawa zao, kwamba mgonjwa aache pombe siku ileile anapoanza kuzitumia. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi akikatizwa ghafla anaweza kutetemeka, kupata degedege, kuchanganyikiwa, hata kufa ndani ya siku chache, na hatari hiyo hutokana hasa na mifumo ya GABA na glutameti, yaani kemikali inayotuliza ubongo na ile inayouchangamsha, mifumo ambayo upupu hauitibu. Hospitalini hutumika dawa kama diazepamu pamoja na vitamini B1 chini ya uangalizi. Baadaye dawa iitwayo naltreksoni, inayofanya kazi kwenye vipokezi vya opioidi (kemikali za kutuliza maumivu na kuleta raha), huweza kumsaidia asirudie.

Mpelekeni kaka yako hospitali kabla hajajaribu kuacha mwenyewe, na mweleze daktari kwa ukweli kiasi anachokunywa kwa siku, pamoja na unga huo ikiwa tayari ameutumia.