Muuzaji wa duka Kariakoo, anzia kwa majirani
Mkuu umeuliza wapi utapata muuzaji wa duka la vyombo Kariakoo asiyekuibia, na kama hasara ikitokea unaweza kumkata yote kwenye mshahara. Ukibandika "anahitajika muuzaji" mlangoni utapata foleni mpaka ushindwe kufungua duka, ila wengi hawajawahi kushika hata daftari la mauzo. Mi ningeulizia kwa majirani wa frem, kuna vijana wamekulia humo humo bei ya jumla na rejareja wanayo kichwani. Akija usimhoji sana, mwache auze asubuhi moja we umekaa pembeni, uangalie chenji anavyorudisha, na mteja akimuonyesha meseji ya malipo kwenye simu yake je anatoa mzigo hapo hapo au anasubiri iingie kwenye simu ya duka, hapo ndo utamjua. Na umlipe hiyo siku bwana. Ukimkubali, alete namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili, ila uwapigie kweli sio kuweka kwenye faili tu. Mshahara wa laki na nusu halafu anasimama saa moja asubuhi hadi mbili usiku, hapo hata malaika atadokoa. Na hilo la kumkata hasara yote hapana, sheria ya ajira ya 2004 inataka ajieleze kwanza, akubali kwa maandishi na makato yasizidi robo ya mshahara. We hesabu stoku kila Jumamosi mkiwa wote wawili, kila mtu asaini.