Wimbi la redio halijinyongi angani kama nyoka

Mdogo wangu uliyeuliza kama wimbi la redio linaenda likijinyonganyonga kama nyoka, hapana, ule mchoro wa kitabuni ndo unawapoteza wengi na mimi ulinipoteza miaka. Ule mstari unaopanda na kushuka sio njia ya wimbi, unaonyesha nguvu tu, hapa umeme una nguvu kiasi gani, pale kiasi gani. Wimbi lenyewe linanyooka, kinachocheza ni umeme na sumaku, vimekaa msalaba vyenyewe kwa vyenyewe na msalaba na njia, na vinapanda pamoja vinashuka pamoja.

Mi ni fundi redio hapa Mikindani, banda langu la zamani lilikuwa na ukuta mmoja wa bati tupu. Siku moja bibi mmoja kaleta redio ndogo, anasema nyumbani haishiki. Naiweka mezani stesheni safi kabisa, naisogeza kidogo kuelekea ukutani shwaaa, nasogeza tena inarudi. Nikafungua, nikachomea upya waya wa antena, wapi, haina ubovu. Nikachukua futi nikapima toka inapokufa mpaka inapokufa tena, kama mita moja na nusu hivi. Sasa stesheni iko jirani na megahezi 100, yaani umeme unacheza mara milioni 100 kwa sekunde, na wimbi linakimbia kama kilomita 300,000 kwa sekunde, gawanya unapata mita 3, ndo urefu wa wimbi moja, nusu yake ndo ile ya kwenye futi! Wimbi linalokuja linakutana na linalorudishwa na bati, sehemu nyingine yanaongezana, nyingine yanafutana. Nilikaa chini kwanza.

Mwanafizikia Hertz kule Ujerumani 1888 alifanya hivyohivyo, kaweka bati la zinki ukutani akawa anatembea na duara la waya anaangalia cheche inapotokea na inapopotea. Ndo ikathibitika hesabu ya Maxwell, mwanafizikia aliyemtangulia, kwamba umeme ukibadilika unazaa sumaku na sumaku ikibadilika inazaa umeme, kwa hiyo wimbi la redio halihitaji hewa wala maji ya kulibeba, hapo ndo linapoachana na wimbi la bahari.

Yule bibi nilimfuata kwake, kumbe redio ilikaa ubavuni mwa mlango wa bati. Tukaihamishia kwenye kabati la upande wa pili, taarifa ya habari ikasikika mpaka uani, hela sikuchukua.