Mgongo wa Fundi Cherehani: Ya Kujua Kabla Hujaizoea Stuli

Mwanagenzi wa ushonaji hufundishwa mapema namna ya kutia uzi, kukishika kitambaa kisikimbie na kuutambua mlio wa mashine inayotaka mafuta. Namna ya kukaa hafundishwi. Hupewa stuli iliyopo, mara nyingi ile iliyokataliwa na wenzake wote, na baada ya miezi michache anajishika kiuno kila anaponyanyuka. Huambiwa atazoea. Si kweli. Anachokizoea ni maumivu, na mgongo wenyewe unaendelea kuchoka.

Fundi habebi mifuko ya saruji. Kinachomuumiza ni kukaa ameinama kwa muda wa saa sita hadi nane, shingo mbele na mgongo umejikunja. Katikati ya pingili za uti wa mgongo kuna diski, vibao vya gegedu vyenye maji mengi ndani. Kwa mtu mzima, mishipa ya damu haifiki ndani ya diski hizo. Lishe yake hupenya polepole kutoka pembeni, na mwendo ndio unaousaidia upenyaji huo: diski ikibanwa inatoa maji, ikiachiwa inafyonza. Ukiinama saa tatu mfululizo, diski zimebanwa upande mmoja muda wote, na kano za nyuma ya mgongo zinavutika hadi zinalegea. Ndiyo maana mtu ananyanyuka, anainama kuokota pini moja sakafuni, na kiuno kinakwama palepale. Atailaumu pini, lakini mgongo ulianza kuharibika tangu asubuhi.

Basi anza na stuli, maana meza ya cherehani ya miguu huibadilishi kirahisi. Kaa, shusha mabega, kunja viwiko karibu na mbavu. Meza iwe juu ya viwiko kidogo, sentimita 5 hivi. Ikizidi sana, mabega yanapanda kuelekea masikioni na jioni maumivu yatakuwa shingoni. Ikiwa chini ya viwiko, utaiinamia sindano siku nzima. Kisha tazama magoti: makalio yawe juu kidogo kuliko magoti. Magoti yakiwa juu, nyonga zinarudi nyuma na kiuno kinajikunja chenyewe, hata ujitahidi vipi kukaa wima.

Dawa yake ni mto unaoushona mwenyewe. Kata mraba wa sentimita 35 kwa 35 wa kitambaa kigumu, suruali kuukuu ya jinzi inafaa sana. Ukanda wa nyuma uwe na kimo cha sentimita 6, wa mbele sentimita 3, ili mto uwe na mteremko kuelekea mbele. Jaza vipande vinavyobaki kwenye ukataji, uvishindilie hasa mpaka mto ukikaliwa usizame zaidi ya upana wa kidole. Wengi hutumia sponji laini. Ni tamu siku ya kwanza, lakini baada ya wiki mbili imelala na umerudi ulikokuwa.

Kosa jingine ni kukaa katikati ya meza. Kaa usawa wa sindano: pua, kitovu na sindano viwe kwenye mstari mmoja. Anayekaa pembeni anashona kiuno kimepinda, na ndiye utakayemsikia akisema upande mmoja tu unauma. Kati ya tumbo na meza iache nafasi ya ngumi moja. Kwenye pedeli, weka mguu mmoja mbele kidogo ya mwenzake ili ukanyage kwa kisigino cha huu na vidole vya ule. Nyayo zikifanya kazi hivyo damu inatembea. Ukifungiwa mota, starehe inaongezeka na hatari pia, kwa sababu sasa miguu haina kazi, na usipokuwa mwangalifu utaikunja chini ya stuli. Iache mbele, goti likunjuke kidogo kupita pembe mraba.

Na taa. Kitambaa cheusi na uzi mweusi kwenye kibanda chenye giza humvuta fundi mpaka pua inakaribia sindano. Hakuna mkao mzuri utakaodumu bila mwanga. Iweke balbu karibu na sindano, upande wa kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia, kivuli cha mkono kisiangukie mshono. Macho yakishindwa kuona vizuri hata kwenye mwanga, kapime miwani.

Hata hivyo hakuna mkao unaofaa kukaliwa saa nzima bila kubadilishwa. Kengele ya kukukumbusha ipo tayari kwenye mashine: bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini. Ikiisha, simama. Wanagenzi hujaza bobini tano asubuhi na kuzipanga karibu na mkono ili wasipoteze muda. Zijaze, sawa, lakini ziweke kwenye rafu ya ukutani, mahali usipofika bila kunyanyuka. Ukisimama, weka viganja nyuma ya kiuno, sukuma nyonga mbele, jinyooshe kuelekea nyuma taratibu mara tano, halafu rudi kazini. Haimalizi nusu dakika. Uzi wa bobini ukidumu muda mrefu, kama kwenye kutia lesi au kazi za mkono, usizidishe nusu saa bila kusimama. Msimu wa Idi, Krismasi na sare za shule za Januari ndio mtu husema hana nafasi ya kusimama, na ndio msimu migongo inapoharibika.

Ukataji usifanyie sakafuni. Kama huna meza ya kukatia, mlango wa mbao juu ya matofali unatosha, mradi ufike usawa wa nyonga, sentimita 90 hivi kwa watu wengi. Ukilazimika kukata chini, piga goti moja na ubadilishe magoti. Usisimame na kujikunja kama anayepanda mpunga.

Sasa chukua rula yako ya mita, ile ya mbao. Ndiyo mwalimu bora wa kuinama. Isimamishe mgongoni, mkono mmoja uishike nyuma ya shingo, mwingine nyuma ya kiuno. Iguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa wa mwisho juu ya makalio. Legeza magoti kidogo, halafu sukuma makalio nyuma kana kwamba unafunga mlango kwa makalio huku umebeba vitu mikononi. Kifua kitashuka chenyewe. Rula ikiachana na makalio, umekunja kiuno. Ikiachana na kisogo, umeangusha kichwa. Rudia mara kumi kila siku kwa wiki mbili, mpaka mwili ujue bila rula.

Huo ndio uinamaji wa kunyanyulia jora, ndoo ya maji ya lita 20 au pasi ya mkaa. Na hesabu yake ni hii: misuli ya mgongo inavuta kutoka sentimita 5 au 6 tu nyuma ya katikati ya diski. Mzigo wa kilo 10 ulioushika sentimita 50 mbele ya kiuno unaidai misuli hiyo ivute kwa nguvu ya kama kilo 90, na hapo uzito wa kiwiliwili chako bado haujahesabiwa. Uvute mzigo mpaka sentimita 25 na deni linapungua nusu. Kwa hiyo jora likumbatie kwanza, lishike tumboni, ndipo unyanyuke. Ukitaka kugeuka, geuza nyayo. Kunyanyua huku unajizungusha ndiko kunakoumiza kuliko yote.

Jambo moja ambalo mafundi wachache wanalijua: usiku diski hufyonza maji na asubuhi zimevimba, ndiyo maana mtu anapoamka ni mrefu kwa sentimita 1 hivi kuliko jioni na kiuno ni kigumu. Katika saa ya kwanza ya kuamka usiiname sana. Kufagia uwanja kwa fagio fupi la chelewa saa kumi na mbili asubuhi ni kazi ngumu kwa kiuno chenye maumivu; funga fagio kwenye mpini mrefu au uifanye baadaye.

Mazoezi ni matatu, yale aliyoyapigia debe Stuart McGill, mtafiti wa mgongo aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada. La kwanza: lala chali, goti moja umekunja, mikono chini ya kiuno, nyanyua kichwa na mabega kidogo tu, kama unapima uzito wa kichwa, bila kubana kiuno chini. La pili: lala ubavu, jinyanyue kwa kiwiko na magoti mpaka mwili unyooke. La tatu: simama kwa viganja na magoti, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto pamoja, kisha ubadilishe. Kila tendo lishike sekunde 8 hadi 10. Fanya sita, pumzika, fanya manne, pumzika, fanya mawili. Watu wanakosea kwa kushika dakika nzima wakitetemeka. Lengo ni misuli ijifunze kudumu bila kuchoka, na dozi fupi za kila siku ndizo zinazofundisha. Zoezi likiongeza maumivu au kuyashusha mguuni, liache.

Kama maumivu yameshaanza, usijifungie kitandani. Siku moja au mbili za kupunguza kazi zinatosha. Baada ya hapo tembea, hata dakika kumi mara tatu kwa siku. Maumivu mengi ya kiuno ya kawaida hupungua sana ndani ya wiki sita. Kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa, dakika 15 hadi 20, kinalegeza misuli. Godoro liwe la ugumu wa kati. Kulala sakafuni si lazima wala si tiba. Ukilala ubavu, weka mto katikati ya magoti.

Kwenye dawa tuwe wakali. Vidonge vya parasetamoli vya miligramu 500 visizidi vinane kwa saa 24 kwa mtu mzima. Ibuprofeni na diklofenaki hunywewa na chakula, kwa siku chache, na asizitumie mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, presha au ujauzito bila kuongea na mtaalamu. Tabia ya kuchomwa sindano ya diklofenaki duka la dawa kila mwisho wa wiki, ili Jumatatu uingie kazini, inaumiza figo na tumbo wakati stuli mbovu bado ipo palepale.

Kuna maumivu ambayo hayasubiri ushauri wa fundi mwenzako. Ganzi kwenye sehemu za siri na mapaja ya ndani, kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa au mkojo kugoma kutoka, au miguu yote miwili kuishiwa nguvu: nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa mishipa ya fahamu ikibanwa muda mrefu huenda isirudi. Maumivu yasiyopoa hata ukilala, yenye homa, jasho la usiku au kukonda bila kujua sababu, yanahitaji vipimo. Kwetu huku kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo, na kinatibika kikiwahiwa. Vivyo hivyo ukianguka au ukipata ajali.

Limebaki suala la uzito, nalo halijatengana na hili. Kitambi ni mzigo unaobebwa mbele ya kiuno siku nzima, na hesabu ya jora inakihusu. Kazi ya kukaa inatumia nguvu kidogo, ilhali kibandani chai haikauki. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu vya sukari kila kimoja ni vijiko tisa, jumla kama gramu 36 ukipima kwa kijiko cha chai kilichosawazishwa. Soda ya mililita 350 ina kama gramu 35 nyingine. Hapo umeshavuka gramu 50, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi kwa siku kwa mtu anayekula kalori 2,000, na bado hujala. Usiache sukari kwa mpigo, utarudi. Toa nusu kijiko kila wiki na ulimi hautashtuka.

Chakula cha mama ntilie hakina ubaya, mpangilio wa sahani ndio wenye shida. Omba wali au ugali wa ukubwa wa ngumi yako, mboga za majani zijaze nusu ya sahani, maharage au samaki robo. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kalori 120 hivi, kwa hiyo mchuzi unaoelea mafuta uache bakulini. Anayeruka mlo wa mchana ili apungue hula chipsi mayai saa tatu usiku. Chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mtaani nyingi zinaharisha: mzani unashuka kwa maji yaliyopotea, mafuta yako palepale. Kupungua nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Zaidi ya kilo moja kila wiki unapoteza misuli, na mgongo unaihitaji. Ongeza kutembea kwa haraka dakika 30, siku tano kwa wiki. Kushuka daladala vituo viwili kabla kunatosha kwa wengi.

Wala usihangaike na mzani, tepu umeshaivaa shingoni. Lakini usijipime kama unavyompima mteja wa gauni, pale panapobana. Tafuta kwa kidole mwisho wa ubavu wa chini, tafuta juu ya mfupa wa nyonga, upitishe tepu katikati ya sehemu hizo mbili, juu ya ngozi, usawa pande zote. Toa pumzi kawaida, bila kuvuta tumbo, ndipo usome. Kuanzia inchi 37 kwa mwanamume na inchi 31 na nusu kwa mwanamke asiye mjamzito, hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo inapanda. Kipimo kingine rahisi ni kiuno kisifike nusu ya urefu: mwenye inchi 66 awe chini ya 33. Fungua ukurasa wa mwisho wa daftari la vipimo vya wateja, andika jina lako, tarehe na namba hiyo, na ujipime tena mwezi ujao, asubuhi, kabla ya chai.