Bank ya mto na bank ya pesa

Ndugu, uliuliza kwa nini Waingereza wanaita ukingo wa mto Ruzizi bank na nyumba ya pesa pia bank. Haikutokea kwa bahati. Ni maneno ya ukoo mmoja, ila yalipita njia mbili.

Mzizi wake uko katika lugha za kale za jamii ya Kijerumani (Germanic): benchi, au udongo ulioinuka kama benchi. Bank ya mto ndiyo ya zamani zaidi, ililetwa Uingereza na watu wa Skandinavia. Ile ya pesa ilizunguka sana. Waitalia walichukua neno hilo, wakaita banca ile meza ya mtu anayebadilisha pesa. Wafaransa wakasema banque, na Waingereza wakalipokea katika karne ya 15.

Pita soko la Kadutu hapa Bukavu ujionee. Kambisti, yaani mbadilisha pesa, amekaa kwenye kiti kifupi, mbele yake kimeza chenye mabunda ya franka yaliyofungwa kwa mpira, dola ziko mfukoni. Hiyo ndiyo banca yenyewe! Na banc, yaani benchi kwa Kifaransa, tuliyokalia darasani tukiwa watoto ni neno hilohilo. Ninalipenda sana jambo hili.

Hata bankrupt, yaani aliyefilisika, limetoka kwa Waitalia: banca rotta, meza iliyovunjika.

Ukisikia rubani anasema ndege ina-bank, maana yake inalala upande ikikata kona, kama mteremko wa ukingo.