Re: Banjo si ala ya Wazungu wa milimani?

Ndugu, umeuliza kama banjo, ala ya nyuzi, ilianzia kwa Wazungu wa milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani. Hapana. Iliundwa na Waafrika waliofanywa watumwa Karibi na Marekani. Wazungu waliiga baadaye, tena wengine kwa kujipaka masizi jukwaani ili kuwaigiza Weusi. Itazame akonting, ala ya Wajola wa Senegal na Gambia: kibuyu kilichowambwa ngozi, nyuzi tatu, na ule mfupi hupigwa kwa dole gumba. Undugu hauhitaji shahidi.

Mwaka 2005 wapigaji na watafiti walikutana Boone, North Carolina, kuizungumza na kuipiga historia hiyo. Huko ndiko walikofahamiana Rhiannon Giddens, Dom Flemons na Justin Robinson, wakaunda bendi ya Carolina Chocolate Drops, wakijifunza kwa mzee Joe Thompson, mpiga fidla. Anza kuwasikiliza hao.