Jibu: Ufisadi utaisha kwa marekebisho au mapinduzi?

Ndugu yangu, umeuliza kama ufisadi Kenya utaisha kwa marekebisho ama hadi mapinduzi. Marekebisho, ila yenye watu barabarani. Katiba ya 2010 ina Sura ya Sita kuhusu uadilifu, lakini hata aliyehukumiwa anaweza kugombea ubunge mpaka rufaa zake ziishe. Rufaa huburutwa miaka! EACC, tume ya kupambana na ufisadi, nayo huchunguza. Kushtaki ni mamlaka ya DPP, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na kesi huondolewa tukiangalia. Hapo ndipo tubane. Juni 2024 vijana walijaa katikati ya Nairobi kupinga Mswada wa Fedha, wengine wakauawa, inauma mpaka leo, lakini Rais akakataa kuutia saini. Mapinduzi je? Baada ya jaribio la Agosti 1982, Rais Moi alizidi kukaza na wakosoaji wakawekwa kizuizini bila kesi.